Denis Burkitt: Daktari aliyevuka mipaka akifuata uvimbe wa taya

Na Mwandishi Wetu, Mella

Oktoba 7, 1961, madaktari watatu waliondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kutumika miaka saba. Walikuwa wamelinunua kwa pauni 250. Hawakubeba bidhaa za kuuza wala hawakutumwa na serikali kukagua mtu. Walibeba picha za watoto waliovimba taya. Kwa wiki kumi walipita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini, wakalala safarini, wakatengeneza gari barabarani, na wakarudi Uganda baada ya kutembea maili 10,000, yaani karibu kilomita 16,000. Walifika katika hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliwaonyesha wenyeji wao zile picha na kuuliza swali moja: je, mtoto wa namna hii mmewahi kumwona hapa?

Safari yote iligharimu chini ya pauni 700. Majibu yaliyokusanywa njiani yalisaidia kuifikisha dunia kwenye kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinasababisha saratani kwa binadamu.

Kiongozi wa safari hiyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago. Alikuwa na umri wa miaka 50 na jicho moja. Kwa sisi tunaoishi na kufanya biashara kati ya Mella, Malaba, Tororo na Busia, habari zake si habari za mzungu wa zamani tu. Eneo hili letu limo ndani ya ramani aliyoichora, na ugonjwa aliouchora bado unawapata watoto wa pande zote mbili za mpaka.

Mtoto wa mpima barabara

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, lakini alijulikana zaidi kwa kazi aliyoifanya wakati wake wa mapumziko. Aliwavisha ndege wadogo pete miguuni, akawafuatilia bustanini, akachora kwenye karatasi mahali ambapo kila ndege alikuwa na himaya yake. Kijana Denis alikulia katika nyumba ambamo mtu akitaka kuelewa jambo, kwanza analiwekea alama kwenye ramani.

Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe na watoto wenzake wa shule, akapoteza jicho moja. Alianza chuo akisomea uhandisi kama baba yake, katika Chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akahamia udaktari. Alihitimu 1935 na baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alikuwa Mkristo wa msimamo mkali wa dini, na aliamini kuwa ameitwa kufanya kazi Afrika. Lakini alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni huko Afrika Magharibi alikataliwa, kwa sababu ya lile jicho.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomleta. Aliingia jeshini 1941 kama daktari na kupelekwa Mombasa. Nairobi jina la Burkitt lilikuwa si geni, kwa kuwa amu yake, Roland Burkitt, alikuwa ametibu watu huko kwa miaka mingi. Akiwa likizoni Denis alitembelea Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi, safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 yeye na mkewe Olive, aliyekuwa muuguzi, walihamia Lira, wilaya ya Lango. Walijaliwa mabinti watatu.

Busha la Lango

Huko Lira Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji wa wilaya nzima. Ugonjwa mmoja ulimjia mara kwa mara mezani: busha. Aliwapasua wanaume wengi, lakini hakuishia kushona na kuwarudisha nyumbani. Alianza kuwauliza wanakotoka. Akagundua kuwa wengi walitoka mashariki mwa Lango, na magharibi mwa wilaya hiyohiyo busha lilikuwa nadra. Watu walikuwa wa kabila moja, wakila chakula kimoja na kusema lugha moja. Kilichotofautiana kilikuwa mahali.

Leo inafahamika kuwa busha na matende vinaletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na mbu huchagua mahali pa kuishi. Burkitt alichapisha aliyoyaona 1951. Makala hiyo haikumpa umaarufu, ila ilimwachia tabia ya kuuliza si tu mgonjwa anaumwa nini, bali pia anaumwa wapi.

Kutoka Mulago hadi Jinja

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala. Miaka tisa baadaye, 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell, ambaye tayari alikuwa anajulikana kwa utafiti wa kwashakoo, alimwita wodini amwangalie mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini. Meno yalikuwa yamelegea. Maambukizi ya kawaida hushika upande mmoja, na saratani pia huanza mahali pamoja. Burkitt hakuelewa, akampiga picha mtoto na kuandika kumbukumbu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akizungukia wagonjwa. Alipotupa macho nje ya dirisha aliona mtoto mwingine mwenye uso uleule, ameketi na mama yake nje. Alitoka kwenda kumpima. Zaidi ya taya, tumboni mwa mtoto huyo mlikuwa na uvimbe pia.

Mgonjwa mmoja ni ajabu, lakini wawili wanadai maelezo. Burkitt alirudi Mulago na kufungua mafaili ya zamani. Alikuta watoto wengi ambao kila daktari alikuwa amewaandikia jina tofauti la ugonjwa: huyu saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya jicho au ya ini. Yeye aliona kuwa wote waliumwa kitu kimoja. Si kwamba hakuna aliyewahi kuwaona. Daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za watoto wa namna hiyo mwanzoni mwa karne. Wataalamu wa maabara wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, ndio walioonyesha kuwa hii ni saratani ya limfoma, yaani ya seli nyeupe za kinga. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuvikusanya vipande hivyo pamoja, na kuuliza unaanzia wapi na unakomea wapi.

Makala yake ya kwanza ilitoka Uingereza 1958. Wachache waliijali. Kwa pauni chache za serikali alichapa vikaratasi vyenye picha na maswali, akavituma kwa posta kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Majibu yalipokuja alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zilifanya mkanda unaokatiza katikati ya bara kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia unaoshuka pwani kuelekea Msumbiji.

Mstari ambao haukuchorwa na serikali

Ramani ilionyesha ugonjwa ulipo, lakini haikuonyesha ukingo wake. Kwa hiyo zikaja zile wiki kumi barabarani. Aliongozana na Ted Williams, daktari wa misheni aliyefanya kazi Kuluva, karibu na Arua, ambaye pia alikuwa hodari wa kutengeneza magari, na Cliff Nelson, daktari mwingine aliyekuwa Uganda.

Walichokikuta kinaeleweka haraka na mtu aliyezoea kupandisha mizigo kutoka Busia hadi Eldoret. Mabondeni na kando ya ziwa ugonjwa ulikuwepo. Kwenye nyanda za juu za Kenya haukuwepo, wala Kigezi kusini magharibi mwa Uganda. Hapa kwenye ikweta, ukipita kimo cha futi 5,000, karibu mita 1,500, watoto wenye uvimbe ule walitoweka. Kadiri walivyoelekea kusini, kule kwenye baridi zaidi, kimo hicho kilizidi kushuka.

Tororo na Busia ziko takriban mita 1,200. Mpaka wa Kenya na Uganda unaopita hapa haukumaanisha chochote kwa ugonjwa huu. Na kweli, hadi 1902 ardhi ya Busia ya Kenya mpaka Kisumu ilihesabiwa kuwa ya Uganda, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka kwa kalamu. Waiteso walijikuta pande mbili. Ugonjwa wa taya ulifuata mstari mwingine kabisa.

Aliyeusoma mstari huo vizuri zaidi alikuwa Entebbe. Alexander Haddow aliongoza Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Virusi, chombo kilichokuwa cha pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni katika taasisi hiyohiyo kirusi cha Zika kilipatikana mara ya kwanza, 1947. Haddow alitazama ramani ya Burkitt na kusema si suala la kimo, ni la joto na mvua. Ugonjwa uliishia pale ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, au mvua ya mwaka haifiki milimita 500. Hapo ndipo pia wanapoishia mbu wengi. Wakaanza kushuku kuwa kuna kirusi, na kwamba mbu ndiye anayekibeba.

Ukungu wa London

Machi 22, 1961, miezi michache kabla ya ile safari ndefu, Burkitt akiwa likizoni alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, alikuwa amezoea kutafuta virusi vya kuku kwa hadubini ya elektroni. Alipomsikia Burkitt akieleza kuhusu saratani inayofuata mvua na joto, aliamua kuacha alichokuwa akifanya.

Makubaliano yakawa hivi: Burkitt akimpasua mtoto Kampala, kipande cha uvimbe kinawekwa kwenye chupa, kinapelekwa uwanja wa ndege wa Entebbe na kupanda ndege ya usiku kwenda London. Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilifika, na Epstein hakuona kitu.

Desemba 1963 ukungu uliifunga London. Ndege ilielekezwa Manchester na mzigo ukachelewa. Chupa ilipomfikia Epstein, maji yake yalikuwa na ukungu pia, kama kitu kilichooza. Angeweza kuitupa. Badala yake alichukua tone, akalitazama kwa hadubini ya kawaida, na kukuta seli hai zimeachana na kipande cha nyama, zinaelea peke yake. Yeye na msaidizi wake, Yvonne Barr, wakafanikiwa kuzikuza. Februari 24, 1964, seli hizo zilipowekwa chini ya hadubini ya elektroni, virusi vilionekana ndani yake. Epstein, Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza matokeo mwezi uliofuata. Kirusi kikapewa jina la Epstein-Barr.

Kirusi, malaria na seli

Burkitt na Haddow walikosea jambo moja. Mbu habebi kirusi hiki. Kinaenea kwa mate, na zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani, Ulaya na Marekani pia, wanaishi nacho bila kuumwa na saratani. Basi kwa nini taya livimbe Tororo na si London?

Jibu liko kwa mbu yuleyule, ila kwa njia nyingine. Mbu huleta malaria. Kirusi cha Epstein-Barr hujificha ndani ya seli nyeupe za damu zinazoitwa seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga, na huzisaidia kukwepa kifo. Malaria, ikimshika mtoto tena na tena, huzilazimisha seli hizo kugawanyika kwa wingi na wakati huohuo hudhoofisha ulinzi unaovidhibiti virusi. Kila seli inapogawanyika inanakili maelezo yake yote ya urithi. Siku moja nakala inakosewa: kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kuunganishwa mahali pasipo pake. Jeni inayoamuru seli ikue inawashwa na haizimiki tena. Kuanzia hapo uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote.

Katika miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya watoto 42,000 huko West Nile, wakasubiri, na kuthibitisha kuwa waliokuja kuugua walikuwa na alama kubwa za kirusi hicho damuni muda mrefu kabla. Watafiti wa Uganda, Kenya na Tanzania wameendelea na kazi hiyo katika karne hii.

Waliotoa seli

Jina la ugonjwa likawa la Burkitt. Watoto wengi waliokatwa vile vipande hawakuishi kuona faida yake. Lakini kitu kutoka kwao kinaishi. Maabara duniani bado zinakuza seli zilizotoka kwa wagonjwa wa Kenya wa miaka ya 1960, na aina mbili zinazojulikana sana zinaitwa Daudi na Namalwa. Msomaji wa Busia hahitaji kuambiwa jina la pili linatoka upande gani wa nchi. Seli za Namalwa zilitumika kutengenezea dawa ya interferoni. Ni haki kuyataja majina hayo kila tunapolitaja la Burkitt.

Burkitt mwenyewe alijua kisu hakitoshi. Upasuaji wa taya uliwaumiza watoto na uvimbe ukarudi. Alianza kuwapa dawa mpya za saratani zilizotumwa kutoka Marekani, wakati mwingine dozi moja au mbili tu, na akaona nyuso zikirudi kawaida. Nairobi, daktari Peter Clifford alikuwa akifanya vivyo hivyo, na wawili hao walipeana taarifa. Mwaka 1967 kazi hiyo ilizaa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Wamarekani walipoondoka miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa Idi Amin, Daktari Charles Olweny aliishikilia isifungwe.

Taasisi ya Entebbe haikubaki ya wote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ikawa ya Uganda peke yake. Miaka mingi ilipita kabla nchi hizi hazijakubaliana tena kuwa na kituo cha pamoja, na safari hii ile taasisi ya saratani ya Mulago ndiyo iliyoteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha Jumuiya kwa ugonjwa huo.

Unga wa dona

Burkitt aliondoka Uganda 1966. Angeweza kuishi kwa sifa za saratani, lakini alianza upya. Aliwaandikia tena madaktari wa hospitali za vijijini, safari hii akiuliza magonjwa ambayo hawayaoni: saratani ya utumbo mpana, uvimbe wa kidole tumbo, bawasiri. Yalikuwa mengi Ulaya na machache hapa. Aliamini sababu ni chakula kisichokobolewa, akazunguka dunia akihubiri nyuzinyuzi. Kitabu chake cha 1979 kuhusu jambo hilo kilisomwa sana. Baadhi ya madai yake yalivuka ushahidi, lakini ushauri wenyewe umebaki. Wafanyabiashara wanaovusha gunia la wimbi, mtama na mahindi hapa mpakani, wakati wateja wa mjini wanadai sembe nyeupe, wamekwishaiona hoja yake bila kuisoma.

Alifariki Machi 23, 1993, nchini Uingereza, akiwa na miaka 82.

Bado tunavuka naye

Uvimbe wa Burkitt unatibika. Katika nchi tajiri watoto wengi sana hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni mbili: mtoto kufikishwa hospitali akiwa amechelewa, na mzazi kukatiza dawa uvimbe unapopungua.

Kwa hiyo mzazi wa Mella au Busia ajue dalili. Mtoto wa miaka minne hadi tisa anayevimba taya au jicho, meno kulegea bila sababu, au tumbo kujaa haraka ndani ya siku chache, si wa kupelekwa kung'olewa jino kisha kusubiriwa wiki mbili. Ugonjwa unaokua maradufu kwa siku mbili hausubiri siku ya soko. Kituo cha afya kilicho karibu, upande wowote wa mpaka, ndicho cha kuanzia, na kiombwe kumpa mtoto rufaa mapema. Upande wa Uganda rufaa huishia Mulago. Upande wa Kenya kuna hospitali za rufaa za Kisumu na Eldoret. Dawa zikianza, zimalizwe zote, hata kama uso umeshapona. Na chandarua kinachomkinga mtoto na malaria kila usiku kinamkinga pia na ugonjwa huu.

Lile gari la Ford lilipita mipaka likiwa na picha tu. Mama wa Mella anayevuka leo na mtoto mgongoni ana faida moja ambayo yule mama wa Jinja wa 1957 hakuwa nayo: ugonjwa una jina, na una dawa.